Mashine ya boti ya tu-stroki: petroli gani, oili gani, na kiasi gani

Manahodha wenzangu, mashine za boti zinazonoki (zinazokufa) hapa kwetu Lamu nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa kwa mafuta. Mtu ametoa pesa zote zile akanunua Yamaha ya nguvu za farasi 15 au 40 halafu anaitilia oili kwa kukisia, kimiminio kimoja mpaka moyo uridhike, basi hapo kweli itadumu?

Gari lina oili yake imekaa kule chini kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) inazunguka, ila tu-stroki haina kitu kama hicho. Oili inayolainisha pistoni na beringi ni ile ile ulochanganya kwenye petroli, ikishapita imeungua imetoka na moshi. Kwa hivyo ukisahau ukatia petroli tupu huendi mbali, pistoni inakwaruza silinda na mashine inashika, haizunguki tena. Zile zenye tangi lake la oili pembeni zinajichanganyia zenyewe, hizo unatia petroli tupu na unachunga tu oili isiishe.

Petroli yenyewe ni super ya kawaida tu ya petroli stesheni, ile ya bei ya juu haikuongezei kitu kwenye hizi mashine zetu. La muhimu iwe mpya na iwe safi, yaani haina mafuta ya taa wala maji.

Mafuta ya taa watu walikua wanachanganya kwa sababu ya bei, mpaka 2018 serikali ya Kenya ikayawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini wewe pima, haswa ukinunua ya chupa huku visiwani. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe KABLA hujatia oili, petroli safi inakauka upesi na karatasi inabaki kavu, likibaki doa la mafuta usiichukue. Hio yenye mafuta ya taa ikiingia kwenye mashine ya petroli inakua ngumu kuwaka, halafu inagonga ndani na kupata moto hadi pistoni inaweza kutoboka. (Kuna mashine zilotengenezwa za mafuta ya taa kabisa, mimi sizungumzii hizo.)

Maji sasa ndio adui yangu mimi. Kusi ya mwaka jana natoka Mokowe naenda Faza na abiria, kufika mlango wa bahari wa Mkanda mashine ikapiga chafya mara mbili ikanyamaza, maji yanatupeleka kwenye mikoko na kuna mama ana mtoto mchanga. Nikafungua kikombe cha kabureta nikamimina kwenye kifuniko, chini vikaonekana vitone vya maji vinateleza kama zebaki na petroli iko juu. Mtungi nilikua nimeuacha wazi kwenye mvua usiku mmoja tu! Tangu siku hio petroli yangu naimimina kwanza kwenye chupa ya kioo naiacha itulie, maji yakiwemo yanakaa chini unayaona, halafu wakati wa kujaza napitisha kwenye faneli yenye chujio.

Tukija kwenye oili, tafuta chupa iloandikwa TC-W3. Hio ndio ya mashine za boti zinazopozwa na maji. Oili ya tu-stroki ya pikipiki sio sawa, ina dawa zinazoacha majivu kwenye plagi na ringi, na ile ya gari namba 40 usiiguse kabisa hata muuza duka akuapie.

Kipimo, mashine nyingi ni 50 kwa 1, na wewe hakikisha kwenye kitabu cha mashine yako. Maana yake lita 1 ya petroli inataka mililita 20 za oili, mtungi wa lita 20 ni mililita 400. Ukitaka hesabu rahisi chukua chupa ya maji ya nusu lita, hio imalize kwenye lita 25. Mashine mpya inataka 25 kwa 1 masaa ya mwanzo, yaani mililita 800 kwa lita 20, baada ya hapo rudi kwenye 50. Na usidhani oili nyingi ndio kuipenda mashine, inaziba plagi inajaza masizi, tena nafasi ya petroli inachukuliwa na oili.

Kuchanganya tia petroli kidogo kwanza, mimina oili yote, funga utikise sana, halafu ndio ujaze iliyobaki utikise tena. Fanya ufuoni mtungi ukiwa umekaa chini kwenye mchanga, sio ndani ya boti, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unashuka unatuama kule chini ya mbao na sigara moja inatosha.

Baada ya safari mbili tatu fungua plagi uitizame. Rangi ya kahawia ni sawa, nyeusi imelowa oili imezidi (au plagi imechoka), nyeupe kama imechomwa simamisha mashine umuite fundi. Na boti ikipumzika wiki kadhaa wakati wa bahari chafu, chomoa paipu ya petroli ikiwa kwenye maji inanguruma uiache ijizime yenyewe, kabureta ibaki kavu, la sivyo petroli ilokaa inageuka gundi mle ndani.