Somo: Kupanga siku ya matembezi Mikindani kwa sisi tulio kwenye zamu

Wenzangu wa polisi, zimamoto, magereza na uhamiaji hapa Mtwara, safari zetu za pamoja zinavunjika mara kwa mara kwa sababu tunaanza na tarehe, kisha tunawatafuta watu. Anzeni na mambo mawili: zamu na maji.

1. Zamu. Kila kitengo kitoe mtu mmoja wa kuleta ratiba. Tafuteni siku ambayo wengi wako mapumzikoni na hawakuwa lindo usiku uliotangulia. Hapa nakaza kamba. Aliyekesha anachelewa kuitambua hatari, na baharini kuchelewa ni kuzama. Akalale kwanza, atatukuta kwenye chakula.

2. Maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida. Siku hizo pwani yetu maji hukupwa sana asubuhi, karibu saa nne, halafu hujaa alasiri kama saa kumi. Kila siku majira husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya siku tatu kupwa ya saa nne imeshafika saa sita na nusu. Hesabu hiyo ithibitisheni kwa wavuvi wa Mikindani, maana ghuba ni yao. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, basi malizeni mambo ya majini mapema.

3. Ruhusa. Ombeni kwa maandishi, mapema, na muache namba ya mtu mmoja atakayepatikana.

4. Njia. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10. Wanaotembea waondoke saa kumi na mbili asubuhi, wakae kulia mwa barabara wayaone magari yanayokuja. Wengine wapande daladala. Kabla ya kushuka pwani, pandeni hadi kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Kutoka huko juu ghuba yote mnaiona, na ndipo mtakapojua maji yamefika wapi. Livingstone aliingia bara kutokea Mikindani mwaka 1866, kwa hiyo wenye watoto wana la kuwasimulia.

5. Majini. Kandambili zinabaki kwenye tope. Vaeni viatu vyenye kamba ya kisigino. Msinyanyue miguu, iburuteni. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani pakabaki macho tu. Ukimkanyaga anakuchoma kwa mkia, ila akisikia mguu unaburuzwa anakimbia mwenyewe. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyounguza, huku mkimpeleka hospitali.

Kiongozi wa majini awe anayeyajua maji, hata kama ni konstebo. Akisema tokeni, mkuu wa kikosi naye atoke. Wawili wabaki ufukweni, kazi yao iwe kuhesabu vichwa tu.

Maswali ya wanachama

Afande, nikitoka lindo naweza kuja na sare na silaha?
Hapana. Silaha irudi ghalani, usaini, ubadilishe nguo, ulale, ndipo uje. Hakuna mahali salama pa kuweka bunduki ufukweni.

Niko magereza Lindi. Somo hili linatufaa?
Linafaa, hesabu ya mwezi ni ileile. Mkipata siku mbili, nendeni Kilwa Masoko, mchukue kibali kwanza, kisha mvuke kwa boti hadi Kilwa Kisiwani. Magofu yake yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na kuyazunguka kwa miguu ni zoezi tosha. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, jua la kule ni kali.

Mimi ni wa zimamoto lakini sijui kuogelea. Naona aibu kuja.
Njoo, ndugu yangu. Kaa kwenye maji ya kiunoni, na uwaombe wenzako wa uokoaji wakufundishe siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mdogo. Kwa leo shika kazi ya ufukweni: weka karibu dumu tupu la lita 20, limefungwa kifuniko vizuri na kamba ndefu kwenye mshikio. Mtu akizidiwa usimrukie. Mrushie dumu, mvute, na mwenzako apige 114.