Ni pomboo, papa au nguva? Kumtambua mnyama wa baharini ukiwa chomboni

Ukitoka na mashua Kizimkazi au Watamu, utaonyeshwa mgongo tu, tena kwa sekunde mbili tatu. Usihangaike na rangi. Juani kila mgongo uliolowa huonekana mweusi. Anza hivi.

1. Tazama mwendo. Mnyama anayenyonyesha lazima aje juu kuvuta pumzi, kwa hiyo pezi lake huibuka, likapinda mbele na kuzama, kama gurudumu linalozunguka. Pezi la papa hukata maji moja kwa moja. Ukibahatika kuuona mkia, shauri limekwisha: wa pomboo, nyangumi na nguva umelala bapa, wa samaki umesimama wima. Ndiyo maana papa potwe wa Mafia, hata akiizidi mashua yako kwa urefu, ni samaki.

2. Kagua pezi la mgongoni. Hapa ndipo wageni wanapochanganya, maana Kizimkazi kuna pomboo wa aina mbili. Wa kwanza ana pezi refu lililopinda kuelekea mkiani na mdomo mfupi mnene. Wa pili ana pezi dogo lililokaa juu ya nundu ndefu; akija juu hutanguliza mdomo wake mrefu, na hupenda maji mafupi, hata karibu na mikoko. Ukikuta kundi kubwa la pomboo wembamba nje ya mwamba, mmoja akaruka na kujizungusha hewani, hao ni aina nyingine kabisa.

Nahodha apunguze mashine na aende sambamba nao. Akiwakatia mbele watazama, na wewe hutaona kitu.

3. Hakuna pezi? Huenda ni nguva, lakini shuku kwanza, kwani wamebaki wachache mno. Mara nyingi ni kasa. Kasa hutoa kichwa kidogo cha mviringo. Nguva hutoa pua pana yenye matundu mawili, na akizama huweza kuonyesha mkia wenye panda. Mtafute penye nyasi za baharini, hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

4. Mvuke mbali, Julai hadi Septemba? Ni nyangumi wa nundu, aliyepanda na kusi kutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa. Mikono yake hufika theluthi ya urefu wa mwili.

5. Piga picha ya pezi kwa ubavuni, au ya upande wa chini wa mkia wa nyangumi. Makovu na madoa hutofautisha mmoja na mwingine. Andika tarehe, saa, mahali na idadi papo hapo.