Namna ya Kusoma na Kuhakiki Sifa za Kitaaluma za Mshauri wa Uraibu

Familia inayomtafutia ndugu yao mshauri wa uraibu hukutana na majina yaliyofuatwa na herufi nyingi, na mara nyingi huchagua lile lenye mkia mrefu kuliko yote. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwasimamia washauri wanaoanza, ningeshauri waanze na swali jingine: mtu huyu akikiuka maadili, ni nani mwenye uwezo wa kumzuia asiendelee na kazi?

Hatua ya kwanza ni kutenganisha shahada, cheti na leseni. Shahada hutolewa na chuo, nayo huonyesha kwamba mtu alisoma. Cheti cha taaluma hutolewa na chombo cha wanataaluma baada ya masomo, saa za kazi chini ya msimamizi na mtihani. Leseni hutolewa kwa nguvu ya sheria, na mamlaka iliyoitoa inaweza kuisimamisha au kuifuta. Vyeti vya semina navyo hutundikwa ukutani, ingawa vingi huthibitisha tu kwamba mtu alihudhuria.

Hatua ya pili ni kuzisoma herufi zenyewe. Zile za Marekani ndizo zinazoonekana zaidi mtandaoni: LCSW ni mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutoa tiba, LMFT ni wa ndoa na familia, na LPC ni mshauri wa kitaaluma, wote watatu huhitaji shahada ya uzamili. CADC ni cheti cha ushauri wa pombe na dawa za kulevya, na katika majimbo mengi hupatikana bila uzamili. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani hudhani mwenye uzamili lazima aujue uraibu zaidi. Anaweza kuwa alipata somo moja tu la uraibu chuoni, ilhali mwenye CADC ameshinda na waraibu kwa miaka lakini haruhusiwi kutibu sonona inayoambatana na ulevi. Aidha, kila jimbo lina masharti yake, hivyo herufi zilezile hazina uzito uleule kila mahali. Kimataifa kuna ICAP, cheti cha wataalamu wa uraibu kinachosimamiwa chini ya Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki, lakini hakichukui nafasi ya leseni ya nchi husika.

Hatua ya tatu ni kuhakiki kwenye rejista ya bodi yenyewe iliyotoa leseni au cheti, si kwenye picha ya cheti uliyotumiwa. Tafuta kwa namba ya usajili, kwa sababu majina hubadilika watu wanapooa au kuolewa. Angalia tarehe ya mwisho, hali ya leseni na hatua za kinidhamu. Ukikuta leseni ni hai lakini imeandikwa kwamba mhusika anafanya kazi chini ya usimamizi, usimkimbie. Wengi wazuri wako katika kipindi hicho. Muulize msimamizi wake ni nani, kisha mtafute huyo naye.

Hatua ya nne, ambayo naiona nzito kuliko zote, ni kujua mipaka ya kila sifa. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku, au dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini, akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo arosto ya namna hiyo ni kazi ya daktari. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini na jamii yake, nazo huandikwa na daktari au mhudumu wa afya aliyeruhusiwa kisheria. Aliyewahi kuwa mraibu akapona ana thamani kubwa kama msaidizi wa wenzake, na zipo programu za kumthibitisha kwa kazi hiyo, ila uzoefu huo peke yake haumpi idhini ya kutoa tiba ya kisaikolojia.

Mwisho, kabla ya kulipa, muulize mambo mawili: humpeleka mteja kwa nani linapotokea jambo lililo nje ya uwezo wake, na hufanya nini mteja anaporudia kutumia. Asipoweza kutaja hata mtaalamu mmoja anayeshirikiana naye, endelea kutafuta.