SOMO: Ulipungua, kilo zimerudi? Panga sahani yako hivi

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Nilipungua vizuri tu, mbona nimerudi nilikotoka?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Mwili uliopungua unatumia nishati kidogo kuliko zamani. Homoni ya shibe, leptini, inashuka, na ghrelini inayoleta njaa inapanda. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 uliwakuta watu wakiwa bado na hali hiyo mwaka mzima baada ya kupungua. Kwa hiyo hiyo njaa si ulafi wako, na ukirudia sahani ya zamani kwa sababu "diet imeisha", kilo zinarudi.

1. Pima kiuno, usikae na mzani peke yake. Mwanamke kuanzia sm 80, mwanaume sm 94, chukua hatua.

2. Soda, juisi ya boksi, chai ya vijiko vitatu: acha.

3. Sembe badili. Kula dona, uwele au mtama usiokobolewa, na tonge lipungue.

4. PROTINI KILA MLO. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anaondoa ugali, anabaki na mchicha na chai ya rangi. Siku za mwanzo anashangiliwa, misuli inaondoka pamoja na mafuta, njaa inamzidi, jioni moja yuko kwenye chipsi mayai na hatoki tena. Ukipunguza wanga, jaza nafasi yake: kunde, choroko, njugu mawe, maharage, dagaa, mayai, mtindi usio na sukari, kuku. Utafiti wa DiOGenes uliofanyika nchi 8 za Ulaya na kuchapishwa 2010 uliwafuata watu waliokwisha kupungua, kwa wiki 26. Waliokula protini nyingi pamoja na wanga usiopandisha sukari haraka ndio waliozuia kilo zisirudi vizuri zaidi. Tofauti ya protini nyingi na kidogo ilikuwa karibu kilo 1 tu, kwa hiyo msitegemee muujiza. Ila kilo zinarudi hivyohivyo, kidogo kidogo.
ONYO: mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mjamzito, hili somo si lako kwa sasa.

5. Mafuta ya alizeti pima kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, hata yakiwa yamekamuliwa Singida jana.

6. Tembea, na unyanyue vitu vizito ili misuli ibaki.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu ni ndefu, sijasoma yote. Nitajie dawa ya kukata tumbo haraka.
— Siuzi dawa. Soma namba 4.

Mtoto wa Kongwa: Wazee wetu wamekula ugali wa uwele maisha yote na hawakuwa na vitambi. Unatutisha bure.
— Nionyeshe nilipoukataza uwele. Namba 3 nimeusifu. Mzee wako alishinda shambani na jembe, wewe unashinda kwenye kiti cha ofisi Mtumba. Tonge lake halikufai.

Dada wa Ipagala: Kaka, ipi inafaa zaidi, kukata wanga au kukata mafuta? Kila mtu anasema lake.
— Swali zuri dada. Marekani walilinganisha njia hizo mbili kwa watu 609, majibu yakatoka 2018. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana ya kilo. Makundi yote mawili yaliambiwa yapunguze sukari na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi. Chagua utakayoweza kuishi nayo mwaka ujao. Wanga ukipungua, mara nyingi mafuta ya damu yanayoitwa traiglisaridi hushuka, kwa hiyo ukienda kupima sukari waombe na hiyo.

Mkulima wa Hombolo: Na zabibu zetu?
— Kula nzima, kiganja kimoja. Juisi yake hapana, na zabibu kavu ni sukari iliyokaushiwa pamoja.

Mama wa Chang'ombe: Mie njugu mawe nalainisha kwa magadi, na mlenda vilevile. Vina shida?
— Mama, shikamoo. Magadi yana sodiamu, mwenye presha ayaepuke, na yanaharibu baadhi ya vitamini. Njugu loweka usiku kucha, mwaga maji, pika upya.

Mama wa Chang'ombe: Marahaba mwanangu. Ila gesi ya kupikia inaisha.
Dada wa Ipagala: Mama, tumia presha kuka. Na mlenda mimi napika bila magadi, natia nyanya na karanga za kusaga kijiko kimoja, unavutika vizuri tu.
— Dada, hicho kijiko cha karanga kihesabu kwenye mafuta ya namba 5.