Somo: Namna ya kuchagua slasha ya trekta kwa shamba dogo

Watu wengi huanza kuchagua slasha kwa kuuliza upana wake, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Upana ni jambo la tatu. La kwanza ni kile kinachoota shambani mwako pamoja na kile kilichojificha ndani yake, na la pili ni nguvu halisi ambayo trekta lako linaifikisha nyuma, kwenye shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma ya trekta na kuzungusha mashine iliyopachikwa. Mkulima anayeyajua haya mawili kabla hajatazama mashine yoyote huwa amekwisha kuchagua zaidi ya nusu.

Slasha ninayoizungumzia ni ile inayopachikwa nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, yenye bamba la chuma kwa juu, giaboksi katikati, na visu viwili vizito vinavyozunguka chini ya bamba. Isichanganywe na rotaveta, ambayo kazi yake ni kutifua udongo.

Hatua ya kwanza: Tembea shamba lote kwa miguu

Shika fimbo, pita katikati ya nyasi na upapase chini. Tafuta mawe, visiki, vichuguu, mashimo, vipande vya waya na kamba za kufungia mizigo. Kisha chagua shina nene kuliko yote unayokusudia kulifyeka, ulipime unene kwa futikamba au kwa rula. Slasha nyepesi hutengenezwa kwa ajili ya nyasi na vichaka vyenye mashina yasiyozidi takriban milimita 25. Za wastani hufika milimita 50. Na nzito hukata mashina ya milimita 75 au zaidi. Ikiwa shamba lako ni malisho yanayofyekwa mara mbili au tatu kwa mwaka, nyepesi itakutosha kwa miaka mingi. Ikiwa ni pori unalolirudisha kuwa shamba, usijidanganye kwamba utaenda polepole na mashine nyepesi itavumilia, kwa sababu bamba lake litapinda na giaboksi yake itaanza kulia kabla pori halijaisha.

Hatua ya pili: Ijue nguvu ya PTO, si ya injini

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa trekta mara nyingi ni nguvu ya injini. Sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani, hivyo kinachofika PTO huwa ni asilimia 80 hadi 85 hivi. Trekta la nguvu za farasi 35 kwenye injini litakupa 28 hadi 30 nyuma. Namba kamili imo ndani ya kitabu cha trekta, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Kanuni ya shambani inayotumiwa sana ni nguvu za farasi 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana wa slasha. Kwa hesabu hiyo, slasha ya futi 5, yaani mita 1.5, inahitaji angalau 25. Lakini hicho ni kiwango cha nyasi za kawaida kwenye ardhi tambarare. Kama una mteremko, au nyasi zako hufikia kifua cha mtu na kulala zikiwa na umande, punguza futi moja ya upana badala ya kulibana trekta.

Hakikisha pia kasi zinaoana. Matrekta mengi madogo huzungusha PTO mara 540 kwa dakika, kwa shafti yenye meno sita, na slasha ndogo nyingi zimetengenezwa kwa kasi hiyo. Kuiendesha mashine ya 540 kwa kasi ya 1000 ni hatari ya moja kwa moja kwa yeyote aliye karibu.

Hatua ya tatu: Sasa njoo kwenye upana na uzito

Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kushoto hadi ukingo wa nje wa lile la kulia. Slasha inapaswa kufunika kipimo hicho, au kukipita kidogo. Ikiwa nyembamba kuliko nyayo za trekta, matairi yatalaza nyasi zisizofikiwa na visu, na baada ya siku chache nyasi hizo zitasimama tena katika mistari miwili, kana kwamba hukupita.

Kuhusu kazi inayomalizika kwa saa, hesabu ni nyepesi. Slasha ya mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hupita hekta 0.75 kwa saa. Ukitoa muda wa kugeuza na wa kupishanisha mistari, baki na hekta 0.6 hivi. Kwa shamba la hekta mbili, tofauti ya mita 1.2 na mita 1.5 ni kama saa moja ya kazi, na sioni kwamba saa moja inatosha kuwa sababu ya kununua mashine isiyolingana na trekta.

Uzito una mambo mawili. Kwanza, mikono ya hidroliki iweze kuinyanyua slasha, na kumbuka kwamba slasha ni ndefu na uzito wake unakaa nyuma sana, kwa hiyo tumia kipimo cha unyanyuaji kilichochukuliwa sentimita 60 nyuma ya pini badala ya kile cha kwenye ncha za mikono. Pili, inaponyanyuliwa isiifanye pua ya trekta kuwa nyepesi. Angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe ibaki kwenye ekseli ya mbele. Ikipungua, usukani hautatii, na itakulazimu kuongeza vyuma vya uzito mbele.

Hatua ya nne: Kinga ya giaboksi

Hapa ningeomba msomaji asiharakishe, kwa sababu mashine nyingi nilizoziona zikifa zimefia hapa.

Visu vya slasha havikufungwa kwa kukaza kama vya feni. Vimeshikwa na pini, vinaweza kurudi nyuma vikigonga kitu, kisha mzunguko unavirusha nje tena. Katika slasha nzuri vinaning'inia kwenye sahani nene ya chuma iliyopinda kama beseni, ambayo huteleza juu ya kisiki badala ya kukikumba. Kwa shamba lenye visiki sahani hiyo ni ya lazima. Mashine yenye mkono mtupu wa chuma badala ya sahani waachie wenye malisho safi.

Hata hivyo kuna kipigo ambacho sahani haikiwezi, na hapo lazima kitu fulani kikubali kushindwa kabla ya giaboksi. Kuna njia mbili. Moja ni bolti ya chuma laini inayopita kwenye shafti inayounganisha PTO na slasha, ambayo hukatika mzigo unapozidi. Nyingine ni klachi ya kuteleza, yenye sahani zinazobanwa na springi. Bolti ni rahisi kuelewa na rahisi kubadilisha, na kwa shamba lenye visiki vichache inatosha. Klachi humfaa zaidi anayegonga mara kwa mara, kwa sababu haimsimamishi kila baada ya dakika kumi.

Niliwahi kuletewa slasha ambayo mwenyewe alichoka kubadilisha bolti. Nilipoichomoa ile iliyokuwemo, kichwa chake kilikuwa na mistari sita, alama ya chuma kigumu, wakati bolti ya kazi hiyo kwa kawaida ni ile isiyo na mstari wowote. Haikukatika, ni kweli. Badala yake meno matatu ya gia yalimeguka, na tuliyakuta chini ya oili, makali kama vigae. Tafadhali nunua bolti za aina iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, uweke kadhaa kwenye sanduku la spana, na ikikatika ujue imekufanyia kazi.

Klachi nayo ina ugonjwa wake. Ikikaa miezi bila kazi, sahani hushikana kwa kutu na haitelezi tena. Kabla ya msimu, legeza nati za springi, chora mstari wa chaki ukivuka sahani zote, washa PTO kwa sekunde mbili au tatu, zima, kisha angalia. Mstari ukiwa umeachana, klachi imeteleza. Kaza springi kwa kipimo cha kitabu.

Hatua ya tano: Ukinunua iliyotumika, kagua chini yake

Usikubali kukagua slasha iliyoshikiliwa na hidroliki peke yake. Iwekwe juu ya magogo imara, trekta lizimwe, ufunguo uwe mfukoni mwako. Kisha angalia sili ya chini ya giaboksi, yaani kizibo kinachozuia oili isivuje, pale shafti inapotokea kwenda kwenye visu. Waya na kamba hujisokota mahali hapo, hujibana juu ya sahani, hupanda taratibu na kuila sili, oili inavuja bila mtu kuiona kwa kuwa imefunikwa na bamba. Ukiona majani yaliyogandamana na oili nyeusi, chukua bisibisi uyabandue mpaka uione sili yenyewe. Shika sahani kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Tafuta nyufa kwenye bamba kuzunguka bolti za giaboksi, hasa rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu. Rangi ya namna hiyo inastahili swali.

Kinga za plastiki juu ya shafti na minyororo ya mbele na ya nyuma zihesabiwe kuwa sehemu ya mashine. Kama hazipo, gharama ya kuzirudisha iingie kwenye mapatano ya bei.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, trekta langu ni la zamani, na nikikanyaga klachi ili nisimame slasha hunisukuma mbele. Breki ni nzima. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, katika matrekta ya aina hiyo PTO hupitia kwenye gia zilezile za magurudumu. Ukikanyaga klachi injini inaachia, lakini visu vizito bado vinazunguka na vinayasukuma magurudumu kupitia PTO. Weka kwenye PTO klachi ya upande mmoja, inayofanya kazi kama friwili ya baiskeli: trekta linaizungusha slasha, slasha haiwezi kulizungusha trekta. Kifaa hicho huongeza urefu, kwa hiyo pima shafti upya na uikate ikibidi, ukiacha mabomba yake mawili, moja likiwa ndani ya jingine, yapishane angalau theluthi moja yanapokuwa yamevutika kabisa kazini, na yasigonge mwisho unaponyanyua. Usiendelee kufyeka kabla ya kukiweka.

Swali: Je, visu vinolewe kama panga?

Jibu: Hapana. Makali membamba hupinda au kumeguka kwenye jiwe la kwanza. Acha ukingo wa takriban milimita moja na nusu, fuata mteremko wa awali, na unoe visu vyote viwili kwa kiasi sawa. Kimoja kikipasuka, badilisha vyote, kwa kuwa tofauti ya uzito huitikisa giaboksi nzima.

Swali: Naomba kuuliza, nyumba yetu iko kando ya malisho na watoto hucheza uani. Minyororo ya kinga inatosha?

Jibu: Mama, haitoshi. Fikiria slasha ya mita 1.5 ambayo giaboksi yake huongeza kasi mara moja na nusu: visu huzunguka mara 810 kwa dakika, na ncha zake hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Minyororo hupunguza vinavyorushwa, haivizuii vyote. Vitabu vya mashine hizi huonya kwamba jiwe linaweza kufika mita 90 na zaidi. Watoto waingie ndani na mlango ufungwe, okota mawe sehemu ya karibu na nyumba, na dereva azime PTO mara tu anapomwona mtu anakaribia.

Swali: Yangu hukata vizuri lakini trekta linalemewa, hata kwenye nyasi fupi.

Jibu: Angalia usawa wake. Mbele inapaswa kuwa chini kuliko nyuma kwa sentimita mbili au tatu. Nyuma ikiwa chini, nyasi zilizokwisha kukatwa hushindwa kutoka na hukatwa tena na tena, na nguvu yote huishia hapo. Rekebisha toplinki, yaani ule mkono wa juu kati ya trekta na slasha, na gurudumu la nyuma la slasha, kisha jaribu sehemu ileile kwa gia ileile ili uone tofauti.