Somo: Kutunza nyasi za nyumbani penye baridi na ukame

Ndugu zangu, leo tunazungumzia nyasi za uani kwenye maeneo ya baridi ambako mvua hukatika kwa wiki nyingi mfululizo. Nyasi za huko hukua vizuri hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi. Joto likizidi hapo hupunguza mwendo, na maji yakikosekana hulala, yaani majani hukauka na ukuaji husimama huku mashina yakibaki hai. Kwa hiyo kazi ya kujikinga na ukame hufanyika wakati bado kuna ubaridi na unyevu, kwa kujenga mizizi mirefu. Ukingoja majani yageuke rangi umeshachelewa.

Hatua ya 1: Zijue nyasi zako

Soma jina la kisayansi kwenye mfuko wa mbegu. Poa pratensis hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi na kuziba mapengo yenyewe. Ukame ukija hulala mapema, lakini huamka. Festuca arundinacea ina mizizi inayoshuka chini zaidi, hivyo hubaki kijani kwa muda mrefu, ila huota kwa mashungi na pengo lake kwa kawaida hubaki mpaka upande upya. Lolium perenne huota upesi, siku 5 hadi 10, lakini haivumilii ukame kama hizo mbili. Mimi ningepanda Festuca arundinacea kwa wingi na Poa pratensis kidogo.

Hatua ya 2: Inua kisu cha mashine

Acha nyasi zikiwa na sentimita 7 hadi 10, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka zibaki 8, kata zikifika 12. Jani refu hutia kivuli udongo, na nyasi zinazokatwa fupi mno huwa na mizizi mifupi pia.

Siku moja baada ya kukata, chuma jani moja ulitazame ncha. Kisu kikali huacha mkato ulionyooka. Kisu butu huchana, na ncha hubaki na nyuzinyuzi nyeupe ambazo baadaye hukauka na kuwa kahawia. Jani la namna hiyo hupoteza maji zaidi, kwa hiyo noa. Vipande vilivyokatwa viache hapohapo, maana vinarudisha naitrojeni ardhini.

Hatua ya 3: Mwagilia mara chache, maji yazame

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maji kidogo kila siku huifanya mizizi ikae juu juu, na tabaka hilo la juu ndilo la kwanza kukauka.

Kadiria milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo uwanja wa mita 100 za mraba utakunywa lita 2,500 kwa wiki. Hayo ni maji mengi, ndiyo maana nasisitiza kupima. Panga makopo matano yenye kuta zilizonyooka, fungua kinyunyizio dakika 15, kisha ingiza rula. Ukipata milimita 5, utahitaji kama dakika 38 kufikisha nusu ya mgawo. Nusu nyingine itolee siku tatu au nne baadaye.

Udongo wa mfinyanzi haunywi haraka. Maji yakianza kutiririka, funga, subiri nusu saa, endelea. Fanya kazi hii alfajiri, kwani majani yanayokaa usiku kucha yameloa hukaribisha magonjwa ya kuvu. Kesho yake chomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikizama sentimita 15 bila kulazimishwa, maji yamefika.

Na utajuaje kwamba nyasi zina kiu? Hugeuka rangi ya kijivu yenye ubluu, majani hujikunja, na ukikanyaga alama ya mguu hubaki.

Hatua ya 4: Mbolea na mbegu

Mwisho wa miezi ya joto, hewa ikianza kupoa na udongo ungali na vuguvugu, ndio wakati bora wa vyote viwili. Gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba zinatosha. Kwa mbolea ya 20-10-10, ambayo namba yake ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ni gramu 25. Usiitie wakati wa ukame.

Ardhi ikiwa imeshindiliwa, tumia mashine inayong'oa vipande vya udongo kwa kina cha sentimita 5 hadi 8. Kutoboa kwa misumari tu hukandamiza udongo wa pembeni mwa tundu. Tawanya mbegu, pitisha reki, weka unyevu mwepesi kila siku mpaka ziote. Huu ndio wakati pekee ninaoruhusu maji kidogo kila siku.

Hatua ya 5: Ukame ukikaza

Amua moja: mwagilia mpaka mwisho au ziache zilale. Kuziamsha na kuzilaza tena na tena kunamaliza akiba yake. Zikilala, milimita 12 kila baada ya wiki mbili hadi nne huweka mashina hai. Usikate, na punguza kukanyaga.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, zangu zimekuwa kahawia zote. Nitajuaje kama zimekufa?*
Ng'oa shungi moja, fungua pale jani linapokutana na mzizi. Pakiwa peupe na pagumu, limelala tu. Pakiwa pakavu na panavunjika, limekufa. Kipande kizima kikibanduka bila kushikilia, fukua: huenda funza weupe waliojikunja wamekula mizizi.

*Tumekatazwa kutumia mpira wa maji. Maji yaliyokwisha kutumika kuogea yanafaa?*
Yanafaa, ndugu yangu, ukiyamwaga siku hiyohiyo na kubadilisha sehemu. Ya kufulia yawe na tahadhari: yenye dawa ya kung'arisha nguo usitumie kabisa, na sabuni nyingi za unga zina sodiamu inayoharibu udongo, hasa mfinyanzi.

*Watoto wanacheza nje asubuhi kukiwa na sakitu. Kuna madhara?*
Yapo, dada. Jani lililoganda hupasuka ndani likikanyagwa, na nyayo hutokea baadaye zikiwa kahawia. Wasubiri iyeyuke.

*Kaka, chini ya mti mkubwa haioti hata moja. Nifanyeje?*
Kivuli na mizizi ya mti vinakunyang'anya mwanga na maji kwa pamoja. Jaribu Festuca rubra, inavumilia yote mawili kiasi, na iache ndefu kuliko kwingine. Ikishindwa, funika hapo kwa vipande vya magome, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuvigusisha na shina la mti.