Kumuandikisha mtoto skuli ya maandalizi Zanzibar, anzia hapa

Jamani mnaouliza mtoto wa maandalizi aandikishwe lini na vipi, akishafika miaka 4 msikae mkangoja darasa la kwanza, sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 imeshaweka miaka 2 ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, kwa hiyo skuli si hisani, ni haki yake. Kwanza cheti cha kuzaliwa, hicho ndo kinatukwamisha wengi, mie nilikwenda bila nikarudishwa na jua la Chake Chake, Pemba, lote lile! Kama huna anza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, mapema. Halafu ulizia nafasi skuli ya serikali ya karibu, ikijaa tafuta kituo cha TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, kituo cha jamii cha watoto wa maandalizi, na ukifika chungulia choo na maji kabla hujasifu marangi ya ukutani.